"Shangazi, tununue pasi gani?"

Mpwa wangu aliniuliza swali hilo jioni ya Jumapili tukiwa mezani, mkono mmoja ameshika kipande cha chapati na mwingine simu. Nilicheka. Mama yangu alicheka. Hata binti yangu, ambaye si mwepesi wa kucheka mbele ya wageni, alicheka mpaka chai ikampalia. Mvulana wa watu akabaki akitutazama mmoja baada ya mwingine, asijue alikosea wapi.

Alikuwa na haki ya kuuliza. Yeye ni mtoto wa kaka yangu, ana umri wa miaka 13, na amezaliwa na kulelewa London. Huko kwao, mgeni akiingia mjini, jambo la kwanza baada ya kupata mahali pa kulala ni kuamua atasafiri kwa kadi gani: ya siku, ya juma, au ile ya kugusisha kwenye mashine kila apandapo basi. Sasa alikuwa Kayole kwa likizo ya Aprili, pamoja na mama yake na dada yake wa miaka tisa, na alikuwa amenisikia nikisema kwamba tutazuru mji siku tano. Kwa akili yake, matembezi ya siku tano hayaanzi bila pasi.

Kicheko kilipokwisha, swali lilibaki kichwani mwangu. Nimeishi Kayole miaka mingi, nikipanda magari ya 19/60 kwenda kazini na kurudi, lakini sikuwahi kukaa chini nikajiuliza: familia kubwa ikitaka kuzuru Nairobi juma zima kwa magari ya abiria, ipange vipi nauli yake? Sisi hulipa tu. Makanga akinyoosha mkono, nasi tunanyoosha wetu. Juma lile nililazimika kujifunza, na somo lenyewe nusura limkoseshe mama yangu miwani.

BAHASHA YA KAKA

Kaka hakuja. Kazi haikumruhusu. Hata hivyo, alimkabidhi wifi yangu bahasha yenye Sh15,000 na maagizo mawili: pesa hizo zitumike kwa usafiri wa juma hilo, na zitakazobaki zimnunulie Mama miwani.

Mama alikuwa ameshapimwa macho tangu Februari. Daktari alimwandikia karatasi, tukaenda dukani, tukaambiwa fremu pamoja na vioo vyake ni Sh9,500. Tukaikunja karatasi ile na kuihifadhi kabatini. Tangu siku hiyo Mama alikuwa akibeba Biblia kwenda kanisani kwa mazoea tu. Msomaji akitaja sura, naye alifungua ukurasa wowote ule, akainamisha kichwa kama wenzake.

Kwa hivyo hesabu ilikuwa wazi. Ukiondoa Sh9,500 za miwani, zilibaki Sh5,500 za nauli. Ada za kuingilia kila mahali wifi alisema atalipa yeye.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Usiku huo niliazima daftari la binti yangu, nikachora mistari. Tulikuwa watu saba: Mama, wifi na wanawe wawili, mimi, binti yangu aliye kidato cha pili, na kitindamimba wangu wa miaka minne ambaye kwa desturi ya magari yetu hupakatwa na halipiwi. Viti sita basi.

Nauli ya kutoka Kayole hadi mjini wakati wa mchana ilikuwa Sh60. Viti sita, kwenda na kurudi, ni Sh720 kwa siku. Siku tano ni Sh3,600. Kisha kulikuwa na safari za pili, yaani kutoka katikati ya mji hadi tunakokwenda. Makavazi ya Kitaifa kule Museum Hill, Sh40 kila mtu, kwenda na kurudi Sh480. Nairobi Safari Walk, kule Langata Road kwenye lango la Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, Sh70 kila mtu, jumla Sh840. Mahali pengine, kama jumba la KICC, Makavazi ya Reli na bustani ya Arboretum, tungetembea kwa miguu.

Nilijumlisha mara mbili. Sh4,920. Zilibaki Sh580 za dharura.

"Pasi yetu ndiyo hii," nilimwambia mpwa wangu huku nikimwonyesha daftari. Wifi naye akalisoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Wifi, wewe ungefaa kuwa waziri wa fedha," akasema. Nililala usingizi wa pono.

MVUA YA JUMATATU

Jumatatu tulitoka nyumbani saa tatu na robo. Wafanyakazi walikuwa wameshakwenda, magari yakawa na nafasi, na nauli ilikuwa Sh60 kama nilivyoandika. Watoto walifurahia muziki na michoro ya garini. Jogoo Road nayo ilikuwa wazi. Tulipita Makadara na City Stadium bila kusimama sana.

Tulianzia KICC, jumba la orofa 28 lililokamilishwa mwaka 1973. Juu kabisa, watoto walikimbilia ukingoni wakaanza kuonyeshana: ile reli, ule uwanja, kule Ngong. Mama alisimama nao. Yeye hakuona ila weupe. Baadaye nilimsikia akimwuliza mjukuu wake wa London, kwa sauti ya chini, "Hebu niambie, Kayole iko upande gani?" Mtoto, ambaye alikuwa Kayole kwa siku ya pili tu, alinyoosha kidole mashariki akaanza kumweleza mapaa anayoyaona. Niligeuza uso.

Kutoka hapo tulikwenda Makavazi ya Reli, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Watoto walikataa kuondoka kwenye behewa ambalo simba alimnyakua afisa wa polisi, Ryall, pale Kima mwaka 1900. Waliingia wakatoka, wakaingia tena. Baadaye wakataka chipsi. Nani awanyime watoto chipsi likizoni? Tulipomaliza kula ilikuwa saa kumi na nusu, na mawingu yalikuwa yameshuka juu ya mji kama blanketi.

Mkaazi wa Eastlands hahitaji kuambiwa kilichofuata. Mvua ya masika ilianza saa kumi na moja. Tulipofika Muthurwa karibu saa kumi na mbili, watu walikuwa wamejaa chini ya kila kibati kilichotoa kivuli, magari yalikuwa machache, na makanga alikuwa amening'inia mlangoni akiita, "Kayole mia na hamsini! Mia na hamsini!"

"Kijana wangu, asubuhi si ilikuwa sitini?" nikamwambia. "Tuna mama mzee hapa."

"Mathe, hata mimi nanyeshewa," akanijibu, wala hakusema kwa ubaya. Kabla sijapata la kuongeza, gari lilikuwa limejaa.

Tulisubiri saa nzima. Mama alisimama akiwa ameegemea nguzo ya duka, viatu vimelowa, mkono wake mmoja umeshika wa kitindamimba wangu. Hakulalamika hata mara moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Tulipopata gari hatimaye, nililipa Sh900 kwa viti sita. Asubuhi nilikuwa nimelipa Sh360.

Nyumbani, nilipowasha jiko na kumwekea Mama maji ya moto ya kuogeshea miguu, nilifungua daftari. Nilikuwa nimezidisha Sh540. Katika zile Sh580 za dharura zilibaki Sh40, na hiyo ilikuwa siku ya kwanza tu.

Watoto walipolala, wifi alikuja jikoni. "Wifi, usinielewe vibaya," akaanza. "Nimeuliza bei ya gari la kukodi, pamoja na dereva. Wanataka Sh8,000 kwa siku. Tukodi, nitaongeza mimi."

Siku nne ni Sh32,000. Nilijua pesa za wifi zilikuwa za nini. Baada ya juma la Kayole alikuwa anakwenda kwao Murang'a, na alikuwa ameahidi kuwanunulia wazazi wake tangi la maji. Nilimwambia tungoje kupambazuke. Nilitaka aamini kwamba nakataa kwa sababu ya gharama, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa na aibu. Huu ni mji wangu. Nilimkaribisha mgeni kwa daftari lenye mistari iliyonyooka, na mji ukaniumbua mbele yake kabla ya siku moja kuisha.

TIKETI YA MAREHEMU BABA

Jumanne mvua iliendelea, na Mama alikuwa anakohoa. Hatukutoka. Tulikaa sebuleni tukinywa chai, na mazungumzo yakarudi kwenye pasi.

Mpwa wangu alitueleza mambo ya kwao. Mabasi ya London hayapokei pesa taslimu tangu Julai 2014. Abiria hugusisha kadi, na kuna kikomo cha siku: ukishafikia kiasi fulani, mashine haikutozi tena hata ukipanda mabasi kumi zaidi. Dada yake, kwa kuwa hajafikisha miaka 11, hupanda basi bure. Yeye mwenyewe ana kadi yenye picha inayompandisha basi bure pia.

"Usiwadanganye watu kwamba kule ni rahisi," mama yake akamkatiza. Ndipo wifi akatusimulia alivyochoma pesa miezi yake ya kwanza huko. Alinunua pasi ya juma iliyofika kanda za mbali za mji, akidhani pasi kubwa ndiyo bora. Nyumba yake, kazi yake na kanisa lake vyote vilikuwa karibu, na basi la kawaida lingemtosha. Kila juma alilipia treni za vitongoji ambavyo hakukanyaga.

Na kuna mtego mwingine, akasema. Kikomo cha juma cha wanaogusisha kadi huanza Jumatatu na kuisha Jumapili. Jamaa yao mmoja aliwatembelea kwa siku saba akaingia Alhamisi. Aliambiwa agusishe tu, kikomo cha juma kitamfaa. Kumbe siku zake saba zilikatwa katikati na Jumapili, na hakufikia kikomo upande wowote. Pasi ya siku saba inayoanza siku yoyote unayotaka huenda ingemfaa zaidi.

Mama alikuwa kimya muda wote huo, shuka mabegani. Mara akasema, "Baba yenu alikuwa nayo."

"Alikuwa na nini, Mama?"

"Hiyo pasi. Tiketi ya mwezi ya Kenya Bus. Ilikuwa na picha yake."

Nilipigwa na butwaa. Marehemu baba yangu alifanya kazi Industrial Area, nasi tulikuwa tukikaa Jericho. Nakumbuka vizuri, mwishoni mwa miaka ya 1980, jinsi alivyokuwa akitutoa Jumapili, mmoja mmoja kwa zamu. Leo mimi, Jumapili ijayo kaka. Ndivyo nilivyoijua Uhuru Park, ndivyo nilivyoona nyoka kwa mara ya kwanza kule Museum Hill. Maisha yangu yote niliamini kwamba baba alipenda matembezi.

"Alipenda matembezi wapi!" Mama akacheka hadi akakohoa. "Nauli yake ilikuwa imeshalipwa mwezi mzima. Alikuwa akisema tiketi ikilala, pesa imelala. Kwa hivyo Jumapili alilipia mtoto mmoja tu. Wawili wangemshinda."

Tulicheka sote, ingawa mimi koo lilikuwa limekaza. Kisha Mama akaongeza neno ambalo ndilo lililotuokoa juma lile. "Lakini baba yenu alijua saa ya kurudi. Siku ya mpira City Stadium, saa tisa alikuwa ameshatoka mjini. Akichelewa, watu wakitoka uwanjani, basi halipandiki. Tiketi anayo mfukoni, na nyumbani anakuja kwa miguu."

KADI KATIKA KABATI

Binti yangu aliuliza kwa nini tiketi kama ile haiko tena. Swali zuri. Kenya Bus ilianza kazi Nairobi mwaka 1934, na mwaka 1966 ilitia mkataba na baraza la jiji uliompa yeye peke yake haki ya kubeba abiria mjini. Matatu, zilizoitwa hivyo kwa sababu ya zile senti tatu za kumi walizokuwa wakitoza, zilikuwa zikikimbizana na polisi hadi mwaka 1973, Mzee Kenyatta alipoziruhusu kubeba watu bila leseni ya kawaida ya magari ya abiria. Baadaye, mwaka 1986, yakaja mabasi ya Nyayo. Magari yakaongezeka na wenyewe wakaongezeka.

Hapo ndipo tiketi ya mwezi ilipokosa nguvu. Kampuni moja yenye mabasi mengi inaweza kukuuzia mwezi mzima, kwa kuwa basi lolote utakalopanda ni lake. Lakini gari la asubuhi likiwa la huyu, la jioni la yule, na la kesho la mwingine, nani atakuuzia pasi moja, na pesa hizo watagawana vipi?

Haimaanishi kwamba hakuna aliyejaribu. Nilikwenda kabatini, nikatoa kadi iliyokuwa chini ya ile karatasi ya macho ya Mama. Ilikuwa BebaPay, kadi ya kulipia nauli iliyoletwa na Google na benki ya Equity mwaka 2013. Serikali nayo ilikuwa imeagiza kwamba kufikia Julai 1, 2014, magari yote ya abiria yaache kupokea pesa taslimu. Mpwa wangu aliruka. "Julai 2014? Mwezi ule ule kama London!" Naam, mwezi ule ule. Mabasi ya London yaliacha pesa taslimu tarehe 6. Huku kwetu tarehe ilisogezwa hadi Desemba, kisha agizo likafifia, na BebaPay ikafungwa Machi 2015.

Kulikuwa na sababu nyingi. Makanga na dereva hulipwa kwa siku, mafuta hununuliwa kwa siku, na mwenye gari hutaka hesabu yake jioni hiyo hiyo. Lakini kwa msafiri mwenye familia, naona sababu moja inatosha. Kadi hutaka bei inayojulikana, na nauli ya Kayole hubadilika na wingu. Hata leo wengi wetu tukilipa kwa M-Pesa garini, tumebadilisha mfuko tu. Bei bado anaitangaza makanga mlangoni.

HESABU YA PILI

Nilifungua ukurasa mpya wa daftari. Kosa langu sasa niliona waziwazi. Nilihesabu siku, sikuhesabu saa. Nilidhani nauli ya kurudi ni pacha wa nauli ya kwenda, kumbe ni ndugu wa kambo. Tena nilipanga safari kwa miguu ya watoto, nikasahau kwamba kati yetu kulikuwa na ajuza wa miaka 74 asiyeona vizuri.

Tukakubaliana, wifi na mimi na watoto wote wakishuhudia. Kwanza, kutoka nyumbani ni baada ya saa tatu asubuhi, na ikifika saa tisa na nusu tuwe kwenye gari la kurudi, hata kama kuna mtu hajamaliza chipsi. Pili, siku tano ziwe nne. Jumanne imeshakwenda na hatuifidii, na Arboretum tuiache. Tatu, Alhamisi, siku ya Safari Walk ambako kuna kutembea sana, Mama apumzike nyumbani. Hilo Mama mwenyewe ndiye aliyelitaka.

La nne lilitoka kwa binti yangu. "Ijumaa turudi na treni," akasema. "Nauli ya treni haipandi mvua ikinyesha."

Nilimtazama mtoto wangu kama niliyemwona kwa mara ya kwanza. Treni ya abiria ya Embakasi Village hupita Makadara na Donholm, na kutoka Donholm hadi Kayole ni hatua fupi kwa matatu. Haitufai mchana, kwa kuwa treni hizo huenda na wafanyakazi, asubuhi kuingia mjini na jioni kutoka. Lakini jioni moja tu ndiyo tuliyohitaji.

"Kwetu pia kuna saa za bei ya juu," mpwa wangu akasema. "Treni za chini ya ardhi ni ghali kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi tatu na nusu asubuhi, na jioni saa kumi hadi saa moja." Tofauti, nikamwambia, ni kwamba kwenu saa hizo zimeandikwa ukutani. Huku kwetu lazima umwulize nyanya yako.

Gari la kukodi halikutajwa tena. Wifi hakusema lolote, na mimi pia sikusema.

Jumatano tulikwenda Makavazi ya Kitaifa. Watoto waliona nyoka, wakasoma habari za mvulana wa Turkana ambaye mifupa yake ilipatikana Nariokotome mwaka 1984. Saa tisa na nusu nilipiga makofi kama mwalimu wa zamu. Mvua iliponyesha saa kumi na moja, sisi tulikuwa Kayole, miguu mezani. Siku hiyo tulitumia Sh1,200, kama daftari lilivyosema. Alhamisi tulikuwa viti vitano. Tulipanda gari la Rongai pale Railways, likatushusha langoni, tukaona chui amelala kama paka wa jirani, tukarudi mapema. Sh1,300.

Ijumaa asubuhi tulikwenda mjini kwa Sh360, wifi akanunua zawadi za Murang'a. Kisha tulikwenda mapema sana stesheni, kabla ya umati, ili Mama apate kiti. Alipata, dirishani. Treni ilipojaa, ilijaa kwelikweli, watu bega kwa bega hadi mlangoni, na mpwa wangu akasema sasa amefika nyumbani, kwani hata London jioni ni hivyo hivyo.

Tulipokaribia Makadara, mvua ilianza. Kupitia dirishani niliwaona watu wakikimbia na magazeti vichwani. Nilijua Muthurwa kulikuwa na kijana mlangoni akiita mia na hamsini, naye ananyeshewa. Sisi, treni pamoja na matatu ya Donholm, kila kiti kilitugharimu Sh80. Viti sita, Sh480.

Usiku huo tulijumlisha pamoja, wifi akisoma na mimi nikiandika. Jumatatu Sh1,260. Jumatano Sh1,200. Alhamisi Sh1,300. Ijumaa Sh840. Jumla Sh4,600. Katika bahasha ya kaka zilibaki Sh10,400, yaani miwani na Sh900 juu.

KWA MWENYE SAFARI

Msomaji, huenda wewe huna wageni wa kutoka ng'ambo. Huenda ni wanafunzi mnaopanga kuzuru Mombasa, au familia inayokwenda kuona jamaa Dar es Salaam, ambako mabasi ya mwendokasi yalianza mwaka 2016. Huenda ni wewe utakayekwenda London. Kila mahali utaambiwa pasi gani ni rahisi. Usiamini mpaka uandike safari zako moja moja, kwenda kando na kurudi kando. Pasi ya juma ni rahisi kwa anayepanda mara nyingi kila siku. Kwa anayetoka mara moja na kukaa kutwa mahali pamoja, ni zawadi kwa kampuni. Uliza inaanza kuhesabu siku gani. Uliza watoto wa umri gani hawalipi. Na pale pasi isipokuwepo, kama kwetu, saa yako ndiyo pasi. Ukiichezea, utalipa.

Zaidi ya yote, panga kwa kumtazama aliye mdogo wa nguvu kati yenu. Siku ya Jumatatu mimi sikulowa roho kwa sababu ya Sh540. Nililowa kwa sababu ya nguzo ile aliyoegemea Mama.

Miwani ilikuwa tayari siku kumi baadaye, wifi na wanawe wakiwa tayari Murang'a. Nilimpeleka Mama dukani asubuhi, baada ya saa tatu kama kawaida yetu mpya. Akaivaa, akajitazama kwenye kioo, akasema amezeeka kuliko alivyoambiwa. Tulipofika stejini kurudi nyumbani, alisimama mbele ya gari, akainua uso, akasoma kibao kilichokuwa kwenye kioo cha mbele kwa sauti iliyowafanya watu wageuke:

"Kayole, sitini!"

Makanga alikuwa bado hajafungua mdomo. Akamtazama, akacheka, akamfungulia mlango. "Ingia, shosho," akasema. "Leo wewe ndiwe umeita gari."